Tezi la Mwalimu wa Kisomo

Mwalimu wetu wa kisomo hakuwahi kutembea. Sisemi alitembea haraka, nasema hakutembea. Alitokea. Umeinama unapalilia tangawizi, ukiinua kichwa yuko mbele yako, vifungo vya shati wazi, jasho linamtiririka, anakuuliza swali la katikati ya mazungumzo ambayo hamjayaanza. "Kwa hiyo, Nanzia, ukishtuka, nani anauambia moyo ukimbie kabla wewe hujajua unakimbia nini?" Na kijiji chetu si cha kutoa jasho. Ukifika Suji, huku kwetu milima ya Upare, unapanda tena, unapanda mpaka unaingia ndani ya ukungu, na mwezi wa saba kule juu hata mbuzi wanatamani sweta. Yeye mwezi huohuo wa saba alioga alfajiri kwenye maji ya mfereji, akiimba.

Jina lake naliacha, kwa sababu hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Mwalimu. Akimpenda alimwita Mwalimu, akimkasirikia alimwita Mwalimu, ila kwa sauti ya chini zaidi, na hapo ndipo mumewe alipokuwa akitafuta kofia na kutoka.

Kisomo, hicho cha watu wazima, kilikuwa alasiri, kwenye ghala la kahawa, baada ya watu kutoka shamba la kijiji. Mimi nilikuwa na darasa la nne, kusoma nilijua. Nilijiandikisha kwa sababu mama alikwenda, na kwa sababu nilitaka kuwa rubani. Nilidhani mtu anayetaka kuruka sharti akae karibu na mahali penye ubao. Nilimweleza Mwalimu hivyo siku ya kwanza na hakucheka. Alinitazama usoni kwa makini kama anayekagua ndizi, akasema kwamba kila mtu kichwani ana sehemu ya ndoto ambayo huwaka akilala na huzimwa akiamka. "Ya Nanzia," akawaambia darasa zima, "aliyepewa kazi ya kuizima amesahau." Nikaona nimesifiwa. Mpaka leo naona hivyo.

Ubao wenyewe ulikuwa mdogo. Kilichokuwa kikubwa ni picha. Kabla ya kuja kwetu, Mwalimu alikuwa akiosha vidonda kwenye zahanati ya shamba la mkonge kule bondeni, na daktari mmoja mzee aliyekuwa akifungasha kurudi kwao baada ya Uhuru alimwachia picha ya mtu aliyechunwa ngozi, ubongo wazi, mishipa ya fahamu imemtambaa mwili mzima kama mizizi ya magugu, na matezi yamepakwa rangi ya kijani, moja baada ya jingine, kuanzia kichwani mpaka mahali ambapo akina mama walikataa kukaa wakipatazama. Siku ya kwanza waligeuza mabenchi wakampa Mwalimu mgongo. Siku ya pili mama yangu alikuja na kanga kuukuu, akamfunga yule mtu kiunoni kwa pini, akamwambia shikamoo, na masomo yakaanza.

Kila somo lilipitia kwa yule mtu wa picha. Tulijifunza herufi U kwa ubongo na M kwa moyo. Hesabu ya kutoa tuliifanya kwa vidole vyake. Siku moja mzee mmoja akalalamika kwamba haelewi hayo matezi yanafanya kazi gani, mbona yamekaa tu. Mwalimu akaacha chaki, akatutoa wote nje, akatupandisha mbio mpaka kwenye ndiva.

Ndiva ni bwawa letu la udongo na mawe, pale juu ya mashamba. Usiku linajaa, asubuhi mzee wa zamu anazibua, maji yanakwenda kwa huyu na yule kwa mpango. Mwalimu akasimama ukingoni akisema huku anahema. Tezi ni ndiva. Ni dogo, limekaa kimya, lakini tundu likizibuliwa mteremko mzima unalowa, na kinachotoka kinaitwa homoni. Mishipa ya fahamu ni kitu kingine. Mishipa ya fahamu ni baragumu la msaragambo, la kuita kijiji kizima kwenye kazi ya pamoja: likilia pale kilimani, watu wote wanasikia mara moja na kukamata majembe. Baragumu lina haraka, likinyamaza limenyamaza. Maji yanakwenda polepole, lakini yakishaingia shambani hayatoki kwa maneno. "Ndiyo maana," akamaliza, "ukimwambia mtu mwenye hasira tulia, kasikia. Masikio yamesikia. Shamba bado limelowa."

Nimesikia watu waliosoma Moshi wakieleza jambo hilo kwa saa nzima na nisiambulie kitu. Siku ile nilielewa, na mzee aliyelalamika alielewa, na mzee wa zamu, ambaye alikuwa pale akisubiri tuondoke kwenye ukingo wa ndiva lake, aliuliza tu kama hizo homoni nazo zinaibwa na majirani usiku.

Tangu hapo hakuna aliyesalimika. Mwalimu alimsoma kila mtu. Vijana wa kijiji waliovunja daraja kwa kushindana kuruka walitetewa naye hadharani: sehemu ya mbele ya ubongo wao, ile ya kufikiria kesho, ilikuwa bado mbichi, wapewe muda, na wapewe mbao wajenge upya. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene mwenye moyo mzuri aliyesinzia kwenye kila mkutano aliouitisha mwenyewe, aliambiwa kwamba halali kwa kutojali maendeleo, ila anatuitia mikutano saa mbaya, mwili ukiwa unashughulikia makande. Mwenyekiti alifurahi sana na akawa anasinzia kwa amani. Bwana arusi mmoja aliyepoteza sauti mbele ya mchungaji alishikwa bega na Mwalimu papo hapo kanisani, akanong'onezwa jambo kuhusu matezi yaliyokaa juu ya figo, na kweli akaweza kusema ndiyo, ingawa alisema akimtazama Mwalimu.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumsoma: yeye mwenyewe.

Mikono yake ilitetemeka. Si sana, kiasi cha kikombe kugongagonga sahani. Lakini chaki ikikaa kwenye mkono unaotetemeka, mstari unakuwa na mawimbi. Na wanafunzi wa kisomo, watu wazima wenye nidhamu, hawakuwa watu wa kubadilisha kitu walichopewa na mwalimu. Wakanakili mawimbi yote. Mama alijifunza M yenye vilima vidogo juu ya vilima vikubwa. Mkaguzi alipokuja kutoka Same kutupima, aliangalia karatasi zetu, akavua miwani, akauliza ni nani mgonjwa aliyewaandikia wote. Tukakasirika. Akatuandikisha upya mbele yake, mmojammoja, na kila mtu akaandika kwa mawimbi. Mama alipofika kwenye herufi ngumu alisimama kwanza, akautikisa mkono, ndipo akaandika, maana alidhani ndiyo kanuni. Mwenyekiti akaamka akamweleza mkaguzi kwamba huo ni mwandiko wa milimani. Tulifaulu wote, isipokuwa Bibi Nakijwa, ambaye hakuweza kuja.

Bibi Nakijwa alikaa peke yake, juu kabisa, mahali ambapo njia inakuwa ngazi za mawe. Miguu yake haikuweza kushuka kisomo, kwa hiyo kila Jumamosi Mwalimu alipanda kwake. Alikuwa na haja moja. Kanisani, wakati miguu ilipokuwa bado inamshusha, alishika kitabu cha nyimbo kama wenzake, akaimba kila neno kwa kichwa, na miaka yote hiyo alikishika juu chini. Kila mtu aliona, hakuna aliyesema. Alitaka siku moja akishike sawasawa na ajue kwamba amekishika sawasawa. Macho yalikuwa mabaya na herufi zilimtoroka. Mwalimu, ambaye hakuweza kusubiri uji upoe, alikaa na bibi yule asubuhi nzima kwenye herufi moja na hakupandisha sauti hata mara moja.

Kwa wengine alipandisha. Hilo lazima niliseme, maana nisiposema wa kwetu watasema nimepamba. Hasira yake ilikuwa kama yeye: ilitokea. Na siku mbaya kuliko zote ilimwangukia mzee wa zamu. Ilikuwa siku ya msaragambo wa barabara, ile barabara ya kuteremsha tangawizi mpaka kwenye lori, ambayo Mwalimu ndiye aliyeianzisha na ndiye aliyekuwa akichimba kama watu wanne. Mzee wa zamu alichelewa kuzibua ndiva, akina mama wakakosa maji ya kupikia wachimbaji. Mwalimu akapanda juu, akamwita mzee yule jiwe lenye kofia, akavua kiatu chake mwenyewe akakitupa ndani ya ndiva. Kwa nini kiatu, hakujua hata yeye. Kiatu kikaenda moja kwa moja kikaziba tundu, na kijiji kizima kikakosa maji siku hiyo.

Huko mjini Same wanatusema watu wa milima kwamba tunapenda kesi. Si kweli. Tunapenda kesi iishe vizuri, na kesi haiwezi kuisha vizuri ikiisha mapema.

Kabla baraza halijakaa, mkewe alimaliza kesi yake nyumbani. Mama alikuwepo na ndiye aliyetusimulia. Alimkuta Mwalimu ghalani anaandaa utetezi mbele ya picha. Akamuuliza kwa ile sauti ya chini: huyu mtu umemsomea kijiji kizima, ubongo umeupita, figo umezipita, mbona kila siku hapa shingoni unaruka? Akamshika mkono, akaviweka vidole vya Mwalimu kwenye koo la Mwalimu mwenyewe. Kulikuwa na uvimbe mdogo, unapanda na kushuka akimeza. Mwanamke yule hakuwa amesoma matezi. Alikuwa amelala kando ya mtu asiyelala, anayekula makande ya watu watatu na kukonda, anayefukuza blanketi kwenye baridi ya Upare. Kesho yake wakashuka Same, na daktari akasema ndiyo: tezi la shingo linafanya kazi kupita kiasi, linausukuma mwili wote, mikono, joto, usingizi, hasira, na likiachwa litauchosha moyo mpaka usimame. Inabidi aende Moshi, alazwe, apewe dawa za kulituliza.

Barazani Mwalimu akasimama, akaomba radhi, kisha akaeleza. Si yeye aliyetukana, ni tezi. Akaleta na yule mtu wa picha, mwenye kanga yake, awe shahidi. Mzee wa zamu akainuka taratibu. "Nimelielewa," akasema. "Basi hilo tezi lilete mbuzi wa faini."

Walijadiliana mpaka jua likashuka, wakaahirisha, wakarudi tena kwa furaha. Kuna waliosema mtu hawezi kulipia alichotendewa na shingo yake. Kuna waliosema tukikubali hilo, kesho kila mlevi atakuja na tezi. Mwisho mzee mkubwa wa baraza akatoa uamuzi ambao bado watu wanautaja. Ng'ombe wako akila mahindi ya jirani, hatumwiti ng'ombe barazani, na wala hatusemi wewe ndiwe uliyekula mahindi. Lakini mbuzi utatoa wewe. Na ukishajua kwamba ng'ombe wako anavunja ua, unamfunga. Mbuzi akaliwa na wote, mzee wa zamu akamkatia Mwalimu kipande cha ini kwa mkono wake, na ikabaki sehemu ya pili ya hukumu, ya kumfunga ng'ombe.

Hapo ndipo kijiji chetu kilipofanya jambo ambalo sidhani lingefanywa mahali pengine. Mwenyekiti alikuja kwa Mwalimu na ujumbe wa watu wenye heshima, wakakaa, wakanywa dengelua, pombe yetu ya miwa, kwa adabu, wakamwomba asitibiwe bado. Barabara ilikuwa imebaki kipande. "Ndugu Mwalimu," Mwenyekiti akasema, "hilo ndilo tezi pekee kijijini linalovuka lengo. Tuachie mpaka tufike kwenye lori." Hawakuwa na ubaya. Walimwona anaruka, anacheka, anachimba. Moyo hauonekani kwa nje. Na mshangao wetu ni kwamba Mwalimu alikubali upesi, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuombwa.

Nilimuuliza kwa nini. Tulikuwa barabarani tunabeba mawe, na alinijibu bila kusimama. "Nanzia, kasi ni ya tezi. Hasira ni ya tezi. Joto, kutolala, hata hii barabara. Sasa niambie, wakilituliza, atakayerudi ni nani? Nampandia bibi yule kila Jumamosi nikikimbia. Nikirudi nimetulia, nikaamka Jumamosi nikaona ah, mlima mrefu?" Nilikuwa na darasa la nne tu. Nilimwambia nitamsukuma kwa nyuma.

Wiki ileile akakaa chini barabarani. Hakuanguka, alikaa, yeye ambaye barabarani hakuwahi kukaa, mkono kifuani, na shingoni mshipa ukipiga kiasi kwamba niliuona nikiwa mbali. Baragumu lilipigwa, na msaragambo wote ukageuka machela. Waliomshusha kwa zamu walikuwa wanafunzi wake, na mbele kabisa Mwenyekiti, macho mekundu, anajikwaa, akimwambia njia nzima, "Ndugu, barabara si kitu, ndugu, barabara si kitu." Mkewe alifuata nyuma ya machela. Alibeba sweta, ambalo Mwalimu hakuwahi kulivaa.

Aliporudi kutoka Moshi, masika yalikuwa yamepita na sweta lilikuwa limevaliwa. Tulikwenda kumpokea na hatukumpata, maana tulimtafuta mtu anayekuja mbio. Alikuwa nyuma ya abiria wote, amenenepa kidogo, anauliza watu hali zao na kusubiri majibu. Kijiji kikachanganyikiwa. Barabara ikasimama. Kisomo kikawa cha amani, Mwenyekiti akalala humo alasiri nzima. Chaki ikaenda imenyooka, na mama akanyoosha mkono, akauliza kwa heshima kwa nini herufi zimekufa. Mwalimu akaeleza kwamba zile ndizo herufi zenyewe, za mwanzo zilikuwa ugonjwa. Darasa likasikiliza, likaendelea na mawimbi yake. Hata haya maneno, ungeona nilivyoyaandika kwa mkono, ungedhani niko kwenye lori.

Aliyeumia zaidi ni mzee wa zamu. Siku moja alichelewesha maji makusudi, akakaa ukingoni mwa ndiva na kofia yake, akisubiri. Mwalimu akapita, akasema shikamoo mzee, maji yatakuja tu, akaendelea. Mzee akarudi nyumbani na hakula. Walisema wengi kwamba Moshi wametuletea mwingine na wamebaki na wetu.

Nami niliogopa vilevile, kwa ajili ya swali lake lililobaki bila jibu. Kwa miezi ile alikatazwa kupanda, na Bibi Nakijwa alibaki na kitabu chake juu chini.

Kisha ikaja Jumamosi moja, nampelekea bibi tangawizi ya chai. Kwenye ngazi za mawe, ndani ya ukungu, nikamkuta Mwalimu. Alikuwa akitembea. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona akitembea: mguu mmoja, anashika goti, mguu wa pili, anahema, anakaa juu ya jiwe. Nikamwambia shikamoo, nikaenda nyuma yake kumsukuma kama nilivyoahidi. Akanikataza. "Daktari kaniruhusu, polepole," akasema. "Ndiva limefungwa, Nanzia. Nimekagua tangu chini, hakuna maji yoyote yanayonisukuma. Magoti hayataki, kifua hakitaki." Akainuka. "Na bado naona nakwenda."

Bibi alitupokea bila kushangaa, kama mtu aliyemsubiri mgeni wa saa mbili akaja saa tatu. Nikachemsha chai. Bibi akachukua kitabu, akakiweka magotini, juu chini. Akakitazama. Akakigeuza, mwenyewe, hakuna aliyemgusa. Kidole kikashuka kwenye mstari na midomo ikaanza kukusanya herufi, moja, nyingine, na zile zilizomtoroka zikawa zinarudi, mpaka neno zima likatoka kwa sauti, halafu la pili; la kwanza alilibahatisha, lakini la pili lilikuwa lile lililoandikwa pale.

Nikasikia mlio ninaoujua, kikombe kinagongagonga sahani. Mkono wa Mwalimu ulikuwa ukitetemeka, chai inamwagikia sweta. Nikamnong'oneza, "Mwalimu, tezi limerudi?"

Akautazama ule mkono muda mrefu, kama anavyotazamwa ndugu aliyedhaniwa amepotea safarini.

"Hapana," akasema. "Huu ni wangu."

"Nyamazeni," akasema Bibi Nakijwa, kidole kikiwa palepale. "Ninasoma."